Kutibu sonona na baipola Moshi na Arusha: kuanzia siku ya kliniki hadi siku ya kuacha dawa

Mgonjwa wa sonona (huzuni na kukata tamaa kunakodumu hadi kuwa ugonjwa) akirudi kliniki na kusema dawa hazifanyi kazi, kaeni chini mhesabu vidonge vilivyobaki. Mara nyingi mtakuta jambo moja kati ya haya matatu: dozi ilikuwa ndogo mno, dawa iliachwa wiki ya tatu, au ugonjwa wenyewe haukuwa sonona bali baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi). Dawa yenyewe kushindwa huja baada ya hayo. Ndiyo maana mwongozo huu umekaa zaidi pale matibabu yanapokatikia njiani, na umeandikwa kwa mgonjwa pamoja na yule ndugu mmoja anayefuatana naye hospitali.

Hatua ya 1: Kama kuna hatari, usisubiri siku ya kliniki

Muulize mgonjwa waziwazi: "Umefika mahali unawaza kujiua?" Swali hilo halimpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na wengi hupumua wakiulizwa. Akikubali, endelea: ameshafikiria namna, ameshafikiria siku? Aliye na mpango haachwi peke yake hata usiku mmoja. Toa nyumbani dawa za kupulizia kahawa na mboga, sumu ya panya na vidonge vyote, peleka kwa jirani. Kuvisogeza uvunguni hakutoshi.

Kisha nendeni idara ya dharura usiku huohuo: Mawenzi au KCMC kwa aliye Moshi, Mount Meru kwa aliye Arusha. Dharura haidai barua ya rufaa. Wa kupelekwa hivyohivyo ni mtu ambaye hajalala siku kadhaa lakini hachoki, anaongea bila kituo na kugawa mali. Mtu aliyeacha kula na kunywa. Na mama aliyejifungua karibuni akianza kusikia sauti au kusema mtoto si wake. Huyo wa mwisho ni wa haraka kuliko wote, kwa sababu hali yake hubadilika ndani ya saa chache.

Hatua ya 2: Andika ukurasa mmoja kabla ya kwenda

Kliniki ikijaa, daktari ana dakika chache, na mgonjwa wa sonona huongea polepole. Karatasi inaokoa muda. Andika dalili zilianza lini, usingizi wa saa ngapi na anaamka saa ngapi, uzito umepungua au umeongezeka, kazi gani alikuwa akifanya na sasa haifanyi, pombe kiasi gani kwa wiki, dawa zote anazotumia pamoja na za uzazi wa mpango na za kienyeji, na nani katika ukoo aliwahi kuugua hivyo au kujiua. Pombe iandikwe kwa kipimo halisi: vibuyu vya mbege, chupa za bia, au gongo. "Kidogo tu" haimsaidii daktari.

Lugha ya mgonjwa nayo iandikwe kama ilivyo. Wachache husema "nina huzuni". Wengi husema wana mawazo mengi, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, tumbo linachoma. Akiyasema hayo tu mapokezi atapimwa taifodi na vidonda vya tumbo, na atarudi na dawa za taifodi na vidonda vya tumbo.

Swali kubwa kuliko yote liko hapa, na ajibu ndugu, si mgonjwa peke yake: je, kuna wakati wowote katika maisha yake, siku nne mfululizo au zaidi, alikuwa na nguvu kupita kawaida, analala saa mbili tatu na hachoki, anaongea haraka, anaanzisha biashara tatu kwa mpigo, anakopa, anakasirika ovyo, au anasema ametumwa na Mungu kwa namna iliyowashangaza hata waumini wenzake? Mgonjwa mwenyewe hukumbuka kipindi hicho kama wakati alipokuwa mzima na mwenye baraka, hivyo hatakitaja. Jibu likiwa ndiyo, huenda hii ni baipola, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha kutoka kwenye huzuni hadi kwenye mpando mkali, yaani kipindi cha nguvu kupita kiasi kama hicho. Makosa mengi ya tiba yanaanzia kwenye swali hili kutoulizwa.

Hatua ya 3: Pa kuanzia

Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu, uulizie muuguzi au mganga anayeshughulikia afya ya akili. Sonona ya kawaida inaweza kutibiwa hapo. KCMC ni hospitali ya kanda, hivyo kwa miadi ya kawaida, hasa ukitumia bima, fika na barua ya rufaa. Asiye na bima wala uwezo aonane na afisa ustawi wa jamii kabla ya kwenda dirisha la malipo. Ukisubiri hadi bili itoke, mazungumzo yanakuwa magumu zaidi.

Kwa anayetoka Longido, Ngorongoro au Rombo juu kabisa, nauli ndiyo itakayoua matibabu, si bei ya dawa. Siku ya kwanza tu mwombe daktari akuandikie mpango wa kuchukua dawa kituo cha karibu na kuonana naye kila baada ya miezi miwili au mitatu, hali ikishatulia. Wengi huona aibu kuomba, wakaishia kupotea.

Hatua ya 4: Vipimo

Sonona haina kipimo cha damu. Vipimo hufanywa kuondoa magonjwa yanayofanana nayo au yanayoichochea: wingi wa damu, sukari, VVU, na tezi ya shingoni. Tezi ikifanya kazi chini ya kiwango, mtu huchoka, hunenepa, huhisi baridi na kukata tamaa, na hapo dawa ya sonona haitagusa chanzo. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe mimba kabla ya dawa yoyote ya kutuliza hisia. Sababu iko hatua ya 7.

Utaulizwa pia maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3. Jumla ya 5 hadi 9 ni hali nyepesi, 10 hadi 14 ya wastani, 15 hadi 19 inaelekea kuwa kali, 20 hadi 27 kali. Nakili alama yako kwenye daftari. Mwezi ujao ukisema "bado niko vilevile" huku umeshuka kutoka 19 hadi 12, daftari litawazuia wewe na daktari kubadili dawa inayofanya kazi.

Mtu anayekunywa kila siku apimwe upya baada ya wiki mbili hadi nne bila pombe, kwani huzuni nyingine huondoka na pombe yenyewe. Ila asiache ghafla nyumbani kama amezoea kunywa sana: kutetemeka, kuweweseka na degedege huweza kumpata ndani ya siku tatu za mwanzo. Aache akiwa chini ya uangalizi wa hospitali.

Hatua ya 5: Tiba ya mazungumzo

Kwa hali nyepesi, tiba hii peke yake inatosha kuanzia. Kwa ya wastani unaweza kuchagua mazungumzo au dawa. Kwa kali, vyote viwili. Usikubali kuambiwa kwamba ushauri ni wa wenye hela na dawa ni za wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kutoka vijiji vya Rakai na Masaka, Uganda, ulionyesha vikundi vya sonona vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji wasio madaktari waliopewa mafunzo, vikipunguza ugonjwa kwa kiasi kikubwa. Zimbabwe, akina bibi wenye mafunzo wamefanya kazi kama hiyo wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati.

Tiba halisi ina sura yake. Mnakutana kila wiki au kila wiki mbili, dakika 45 hadi 60, mara 6 hadi 16; kuna lengo lililoandikwa; na unatoka na kazi ya kufanya nyumbani. Ukihudhuria vikao vitatu na bado unapewa mawaidha tu ("jipe moyo, mshukuru Mungu una watoto"), hujaanza tiba. Uliza kwa heshima: "Daktari, wiki hii nifanye nini nyumbani?"

Kazi ya kwanza huwa ni kurudisha shughuli, na unaweza kuianza hata kabla ya miadi:

1. Kwa wiki moja, andika kila baada ya saa chache ulikuwa unafanya nini, na hali ya moyo kuanzia 0 hadi 10. Usibadili chochote bado.
2. Tafuta saa zilizopanda hata kwa alama moja. Kwa kawaida si saa za kulala mchana.
3. Chagua mambo mawili, moja la kupendeza na moja la wajibu, madogo kiasi kwamba hata siku mbaya yanawezekana: kumwagilia migomba mitatu iliyo karibu na mlango, kwenda kusikiliza mazoezi ya kwaya bila kuimba, kufua shati moja.
4. Yape siku na saa. "Nitajitahidi kutoka nje" haifanyiki. "Jumanne saa kumi jioni nitatembea hadi dukani kwa Mangi na kurudi" hufanyika.
5. Fanya bila kusubiri hamu. Katika sonona hamu hufuata kitendo, tena kwa kuchelewa.

Kinachoharibika hapa ni tamaa. Mtu akipata siku mbili nzuri anapanga kulima ekari nzima, anashindwa, anaona amethibitisha kwamba hafai. Ongeza jambo moja kwa wiki, basi.

Baada ya hapo huja kazi ya mawazo (kuandika tukio, wazo lililokuja, ushahidi wa kulikubali na wa kulikataa) na kazi ya matatizo ya kweli: ada, deni la vikoba, ugomvi wa kihamba (shamba la ukoo). Deni halitibiwi kwa kubadili fikra. Linaorodheshwa, linakatwa vipande, na kipande cha kwanza kinapangiwa siku.

Maombi yaendelee. Tatizo huanza anapoambiwa afunge siku kadhaa na kuacha dawa kama ushahidi wa imani. Mwambieni mchungaji, padri au shehe mapema kwamba dawa ni sehemu ya mpango. Wengi huelewa wakiambiwa kabla, na ni wagumu wakijua baadaye.

Hatua ya 6: Dawa za sonona, wiki kwa wiki

Dawa mbili utakazokutana nazo zaidi ni fluoksetini na amitriptilini. Famasi kubwa za mjini huwa pia na sertralini.

Fluoksetini huwa kapsuli ya miligramu 20, inamezwa asubuhi baada ya chai, kwani ikimezwa usiku huleta kukesha. Kwa mtu mwenye wasiwasi mwingi au mzee, daktari huanza na miligramu 10 kwa siku kwa wiki moja. Pasipo na kapsuli ya 10, anaweza kukupa ya 20 siku moja ndiyo, siku moja hapana. Inafaa kwa sababu dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Usifungue kapsuli na kugawa unga kwa macho.

Wiki ya kwanza na ya pili ni mbaya: kichefuchefu, kichwa, mikono kutetemeka kidogo, wasiwasi kuongezeka, na faida bado. Hapa ndipo wengi huacha, wakiamini wamedhurika. Ndugu azijue siku hizi na azihesabu pamoja naye. Kwa walio chini ya miaka 25, angalieni zaidi: wachache hupata mawazo ya kujiua kuzidi mwanzoni, na hapo ni kurudi hospitali, si kusubiri miadi. Wiki ya tatu hadi ya nne watu wa nyumbani ndio huona mabadiliko kwanza, wakati mgonjwa mwenyewe bado anabisha. Wiki ya sita bila nafuu ya maana, daktari hupandisha dozi. Kuhama dawa wiki ya pili ni kupoteza wiki mbili.

Upungufu wa nguvu za kiume au wa hamu ya tendo la ndoa ni wa kawaida, na wanaume wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo. Sema. Kuna namna za kurekebisha.

Amitriptilini humezwa usiku, huleta usingizi, kinywa kukauka, choo kigumu na kizunguzungu ukisimama haraka. Huanza na miligramu 25 na kupandishwa kila wiki. Kwa sonona ya mtu mzima kiwango cha kulenga kwa kawaida ni miligramu 100 hadi 150, kwa mzee ni chini ya hapo. Kidonge kimoja cha 25 kwa miezi sita hutuliza maumivu ya neva na kuleta usingizi, lakini si dozi ya sonona, ingawa tunaiona kwenye kadi nyingi mno. Ukiwa nayo, muulize daktari mpango wa kupandisha, usipandishe mwenyewe. Ikizidi, dawa hii huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Mgonjwa aliyewahi kuwaza kujiua apewe vidonge vya wiki moja tu kwa mara moja, na vitunzwe na mtu mwingine: "Mama, naomba mimi ndiye nikutunzie dawa mpaka upate nguvu."

Hatua ya 7: Baipola ina sheria zake

Msingi hapa ni dawa ya kutuliza hisia: lithiamu, valproeti au kabamazepini, pengine pamoja na olanzapini, risperidoni au haloperidoli wakati wa mpando. Dawa ya sonona ikitumika, hutumika juu ya msingi huo.

Lithiamu haipaswi kuanzishwa mahali ambapo damu haiwezi kupimwa. Damu hutolewa saa 12 baada ya kumeza, siku tano hadi saba baada ya kila badiliko la dozi, na lengo la kawaida ni milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita. Figo na tezi hupimwa kila miezi sita. Kuharisha, kutapika, kufunga bila maji au kufanya kazi juani Mto wa Mbu bila kunywa hupandisha kiwango hadi kuwa sumu. Diklofenaki na ibuprofeni nazo hupandisha, na hizo zinauzwa kila duka la dawa. Kutetemeka sana, kuyumba, ulimi kuwa mzito, kuharisha: simamisha, nenda hospitali.

Valproeti haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, ila pale pasipo na njia nyingine na akiwa na uzazi wa mpango wa uhakika. Takriban mtoto 1 kati ya 10 walioipata tumboni huzaliwa na kasoro ya kimaumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida ya kujifunza na kukua. Lakini aliye tayari na mimba asiiache peke yake. Aende kliniki wiki hiyohiyo. Vidonge vyake hunyonya unyevu, hivyo vibaki kwenye karatasi yake ya bati hadi saa ya kumeza, visihamishiwe kwenye bahasha.

Kabamazepini hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi na vijiti. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki. Hupunguza pia dolutegravir, dawa ya VVU, kwa hiyo anayetumia TLD (kidonge cha VVU chenye dawa hiyo) lazima CTC, yaani kliniki ya VVU, wajue ili warekebishe dozi. Vipele, hasa vikiambatana na homa au vidonda mdomoni: acha siku hiyohiyo, uende hospitali.

Usingizi nao ni sehemu ya dawa kwa baipola. Mkesha wa maombi, basi la usiku, matanga ya siku tatu, zamu za usiku za ulinzi: usiku mmoja au miwili bila kulala unaweza kuwasha mpando. Mgonjwa ahudhurie, ila saa nne usiku arudi nyumbani.

Hatua ya 8: Dawa zinazogombana

Fluoksetini na tramadoli pamoja huleta hatari ya degedege na sumu ya serotonini (kemikali ya ubongo ikizidi mwilini). Fluoksetini na diklofenaki au aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamo. Fluoksetini hupandisha amitriptilini kwenye damu, kwa hiyo usimalizie mabaki ya moja ukiwa umeanza nyingine. Ukiugua malaria, mtaje daktari dawa unazotumia kabla ya kupewa dawa ya mseto: kabamazepini huidhoofisha, na amitriptilini huweza kuongezea moyo mzigo. Pombe na amitriptilini ni usingizi mzito na ajali ya bodaboda.

Hatua ya 9: Desemba

Krismasi ikikaribia, Wachagga hurudi nyumbani kutoka kila kona, na Januari kliniki hujaa waliorudiwa na ugonjwa. Dawa iliachwa Dar au Mwanza, sherehe zilikuwa usiku, mbege na bia kila nyumba, na hakuna aliyetaka kumeza vidonge mbele ya mashemeji. Kama si yule wa kupewa vidonge vya wiki moja (hatua ya 6), chukua dawa za wiki sita kabla ya safari, nusu kwenye begi la mkononi na nusu kwa mtu mwingine. Beba nakala ya kadi. Panga jibu fupi la kukataa pombe. "Natumia dawa" inatosha, hakuna anayedai jina la ugonjwa.

Hatua ya 10: Kuacha dawa

Sonona: endelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, si baada ya siku ya kuanza. Aliyerudiwa mara kadhaa huendelea zaidi. Baipola: angalau miaka miwili baada ya kipindi cha mwisho, na wengi huhitaji zaidi ya hapo.

Kuacha kunapangwa na daktari na hushushwa kwa wiki nne au zaidi. Chagua miezi isiyo na mtihani, ada kubwa, mavuno wala arobaini ya msiba. Kizunguzungu, ndoto za ajabu, jasho na kukereka siku chache baada ya kushusha ni mwili kuizoea hali mpya, na hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Usingizi kukatika saa tisa usiku, chakula kukosa ladha na kuanza kukwepa watu, vikija taratibu baada ya wiki kadhaa, ni ugonjwa unarudi: rudi kwenye dozi ya mwisho iliyofanya kazi kwa kumwona daktari, ukiwa na daftari la zile alama za maswali tisa.

Dawa ikiisha hospitalini kabla ya hapo, usikae siku kumi ukisubiri. Andika jina la dawa na miligramu zake, uliza famasi mbili za mjini siku hiyohiyo, na kama haipo, rudi kwa daktari akubadilishie. Mfamasia akikupa chapa nyingine yenye kiambato kilekile na miligramu zilezile, kwa dawa za sonona ni sawa. Kwa lithiamu mjulishe daktari kwanza, kwa sababu chapa zake hazitoi kiwango kilekile kwenye damu.